Kufa kwa Reli za Umeme za Shamba

Wako wasemaji wawili ambao nimechoka kuwasikia. Wa kwanza ni yule asemaye kuwa reli za umeme zilizokuwa zikipita katika mashamba ya Marekani ziliuawa kwa njama ya watengenezaji wa motakaa. Wa pili ni yule asemaye kuwa hazikuuawa na mtu yeyote. Zilikufa kama mzee aliyekwisha siku zake, kwa kuwa watu walipenda motakaa zaidi. Wa kwanza hupendeza barazani, maana kila mtu hupenda kisa chenye mwizi. Wa pili hupendeza maofisini, maana kisa kisicho na mkosaji hakimdai mtu toba. Nasema kuwa wote wawili wamekosa, na ya kuwa kosa la huyu wa pili ndilo kubwa zaidi, kwani ndilo litakalotuongoza sisi wenyewe tusipoangalia.

Msomaji ana haki ya kuuliza, mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na reli za Ohio na Indiana. Ninazo sababu tatu. Ya kwanza ni ya darasani. Mwanafunzi wangu mmoja, mwerevu na mwenye kalamu nzuri, aliniletea insha juu ya hila za matajiri, na mfano wake mkubwa ulikuwa huo wa reli za umeme. Nilimwuliza ameupata wapi. Alinijibu pasipo kusita, "Kwako, Mwalimu." Nami nilipokumbuka nikaona ni kweli. Niliwahi kukisimulia kisa hicho mbele ya wanafunzi kama nilivyosimuliwa, bila ya kukichunguza. Basi insha hii ni toba kwanza, na ugomvi baadaye.

Sababu ya pili ni ya lugha. Neno troli si geni katika pwani yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa Mombasa ulikuwa na vijigari vilivyopita juu ya reli nyembamba mitaani, navyo viliitwa troli. Havikuwa na umeme wala mvuke; nguvu yake ilikuwa mikono ya watu waliovisukuma, na waliokaa juu yake aghalabu walikuwa maofisa na matajiri. Katika miaka hiyo hiyo, jina hilo hilo huko Indiana lilikuwa la gari la umeme lililomchukua mkulima na ndoo zake za maziwa. Neno moja, mambo mawili. Huku mnyonge alisukuma, kule mnyonge alipanda. Mwanafunzi wa lugha asiyejiuliza sababu ya tofauti hiyo atakuwa amejifunza maneno akaacha maana.

Sababu ya tatu ni ya leo. Tangu mwaka wa 2024 treni ya umeme imekuwa ikichukua abiria baina ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Tayari nimeanza kusikia, katika mazungumzo ya watu wenye elimu, maneno yale yale ambayo reli za Ohio zilizikiwa nayo: je, itajilipa? Swali hilo ni halali. Lakini liko jambo moja ambalo waulizaji hawalitaji, nami nitalifikia kwa mpango.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Mjerumani Werner von Siemens aliendesha gari la abiria kwa nguvu ya umeme huko Lichterfelde, karibu na Berlin, katika mwaka wa 1881. Mwaka wa 1888 Mmarekani Frank Sprague alionyesha katika mji wa Richmond, Virginia, kuwa mji mzima, na vilima vyake, waweza kuhudumiwa na magari ya namna hiyo. Juu ya paa la gari palikuwa na ufito mrefu wenye kigurudumu nchani. Kigurudumu kilibiringika chini ya waya uliotandazwa juu ya njia, kikapokea umeme. Umeme ukashuka hata katika mota zilizokuwa chini ya gari, kisha ukarudi ulikotoka kwa kupitia reli zenyewe. Punda na farasi waliokuwa wakikokota magari ya mijini wakapumzika.

Haikupita miaka mingi kabla ya watu kuuliza: ikiwa gari hili hufika mwisho wa mji, kwa nini lisiendelee? Mwaka wa 1893 ikafunguliwa njia kutoka Portland mpaka Oregon City, katika jimbo la Oregon, na wengine wakafuata. Huko Indiana alikuwako mwanasheria Charles Henry, aliyewahi kuwa mjumbe katika Bunge la Marekani. Yeye ndiye asemwaye kuwa alizipa reli hizo jina la reli za baina ya miji. Mimi naziita reli za umeme za shamba, kwa sababu mijini magari ya umeme yalikuwako tayari. Jambo jipya lilikuwa kulifikisha gari hilo shambani.

Nalo lilikuwa jambo kubwa. Treni ya mvuke ilikuwa mnyama mzito, isiyopenda kusimama, na katika vijiji vingi ilipita mara chache kwa siku. Gari la umeme lilikuwa moja, jepesi, lenye dereva na kondakta, nalo liliweza kusimama kwenye njia panda ya mashamba mtu alipopunga mkono, na nyuma yake jingine likaja baada ya saa moja au mbili. Mke wa mkulima aliweza kwenda mjini asubuhi, akauza mayai, akanunua nguo, akarudi kabla ya kupika chakula cha jioni. Mtoto aliweza kusoma shule ya sekondari ya mjini na kulala kwao. Maziwa yalifika kabla ya kuchacha. Tena, kwa kuwa makampuni hayo yalipitisha umeme mashambani kwa ajili ya magari yao, mengi yaliuza pia umeme kwa vijiji vya njiani. Jambo hilo si dogo tukikumbuka kuwa hata katikati ya miaka ya 1930 ni kama shamba moja tu katika kila mashamba kumi ya Marekani lililokuwa na umeme.

Reli hizo zikaenea upesi. Ilipofika mwaka wa 1916, nchini Marekani zilikuwa na urefu upatao maili 15,500. Ohio peke yake ilikuwa na zaidi ya maili 2,700, na Indiana zaidi ya 1,800. Katika mji wa Indianapolis kilifunguliwa mwaka wa 1904 kituo kikuu chenye njia 9 chini ya paa moja, na magari kutoka kila upande wa jimbo yaliingia na kutoka humo mchana kutwa. Baada ya hapo, katika umri wa mtu mmoja tu, karibu yote yakatoweka. Mtoto aliyezaliwa pamoja na kituo kile hakutimiza miaka 40 kabla ya kuona magari ya mwisho yakiondoka.

Sasa tumwite msemaji wa kwanza. Ushahidi wake ni kesi, ripoti na senema. Kesi ni ya kweli. Mwaka wa 1949 mahakama katika Chicago iliyatia hatiani makampuni kadha, miongoni mwao General Motors, Firestone na Standard Oil ya California, kwa kula njama. Makampuni hayo yalikuwa yametia fedha katika kampuni iitwayo National City Lines, iliyokuwa ikinunua huduma za usafiri mijini na kuweka mabasi mahali pa magari ya reli. Kila kampuni ilitozwa dola 5,000, na wakubwa waliohusika walitozwa dola moja moja, adhabu ambayo yaonekana kuwa mzaha. Ripoti ni ya mwanasheria Bradford Snell, aliyeipeleka mbele ya Baraza la Seneti mwaka wa 1974, akidai kuwa General Motors iliangamiza reli za umeme kwa makusudi. Senema ni ile ya mwaka wa 1988 iitwayo Who Framed Roger Rabbit, ambayo ilikichukua kisa hiki ikakitia katika mchezo wa katuni, na tangu hapo kikawa mali ya kila mtu.

Walakini tuisome hukumu kama ilivyoandikwa, si kama inavyosimuliwa. Makampuni yale yalitiwa hatiani kwa kula njama ya kujipatia peke yao biashara ya kuyauzia mashirika hayo mabasi, mafuta na mipira ya magurudumu. Shitaka la kula njama ya kuuhodhi usafiri wenyewe halikuthibitika, waliachiliwa. Kisha tuangalie tarehe, maana tarehe ni shahidi asiyehongwa. National City Lines iliandikishwa mwaka wa 1936. Kufikia mwaka huo sehemu kubwa ya reli za shamba za Ohio na Indiana ilikuwa imekwisha kung'olewa au ilikuwa ikikata roho. Tena kampuni hiyo ilinunua usafiri wa ndani ya miji; reli za shamba hazikuwa windo lake. Mtu hawezi kushitakiwa kwa kumwua marehemu.

Atasema mtetezi wake: na Los Angeles je? Hata huko mambo si kama yasemwavyo. Mtandao mkubwa wa Pacific Electric, uliojengwa na Henry Huntington na kuunganisha mji na machungwa ya vitongojini mwake, haukuwa mali ya National City Lines. Magari yaliyoingia katika mikono yake yalikuwa ya kampuni nyingine, ya mitaa ya ndani ya mji. Na gari la mwisho la Pacific Electric, lililokwenda Long Beach mwezi wa Aprili mwaka wa 1961, lilisimamishwa na shirika la umma. Wakosaji wa mwaka wa 1949 walikuwa wakosaji kweli, wala siwatetei. Nasema tu kuwa mwizi aliyeiba kuku asihukumiwe kwa ng'ombe aliyepotea miaka kumi kabla hajafika kijijini.

Kwa nini basi kisa hiki chapendwa? Kwa sababu chatuondolea kazi ya kufikiri. Ikiwa adui ni watu watano waliokaa chumbani, basi sheria za kodi, hesabu za barabara na kura za wananchi hazina neno. Msimulizi hujisikia jasiri, na msikilizaji hujisikia ameerevuka. Nami najua ladha yake kwa kuwa nimeionja. Darasa langu lilinyamaza kimya siku ile nilipokisimulia, nami nikafurahi, nikadhani kimya kile ni dalili ya elimu.

Tumgeukie msemaji wa pili, ambaye huja na hesabu mkononi. Yeye husema: Ford alitoa motakaa yake ya aina ya T mwaka wa 1908, bei yake ikiwa dola 850. Mwaka wa 1925 bei ya iliyo rahisi ilikuwa imeshuka mpaka dola 260. Ilipoachwa kutengenezwa mwaka wa 1927, motakaa za aina hiyo milioni 15 zilikuwa zimetoka kiwandani. Mkulima aliyekuwa akilisubiri gari la umeme njia panda alinunua motakaa, akaenda atakako na saa atakayo. Watu walichagua, nani awezaye kugombana na uchaguzi wa watu?

Sigombani na takwimu zake, maana ni za kweli, wala sigombani na mkulima. Nagombana na neno kuchagua. Mtu anunuaye sokoni huchagua kwa haki ikiwa mizani ni moja. Sasa tuitazame mizani. Kampuni ya reli ya shamba ilinunua ardhi yake, au iliomba ruhusa ya kupita. Ililaza reli, ilisimamisha nguzo, ilitandaza waya, ilijenga mitambo. Kisha ililipa kodi juu ya vitu vyote hivyo kila mwaka. Ilipoingia mjini, mara nyingi ilishurutishwa na manispaa kuitengeneza barabara baina ya reli zake na pembeni mwake, barabara ambayo motakaa zilipita bure. Nauli yake ilisimamiwa na tume za majimbo, hata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mishahara na bei za vitu vilipopanda, haikuwa huru kupandisha itakavyo.

Upande wa pili wa mizani, motakaa, basi na lori hazikujenga njia. Mwaka wa 1916 serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria ya kusaidia barabara kwa fedha za umma, na mwaka wa 1921 ikapitisha nyingine iliyo kubwa zaidi. Majimbo nayo yakakopa na kutumia. Barabara za lami zikatandazwa, nyingine sambamba kabisa na reli za umeme, na lori likachukua maziwa yale yale juu ya njia ambayo mwenye lori hakuilaza, ilhali mwenye reli, kwa kodi yake, alisaidia kuilaza. Hebu fikiri: mfanyabiashara atozwe kodi ili jirani yake ajengewe duka, kisha aambiwe kuwa wateja wamechagua.

Najua jawabu litakalotolewa. Litasema kuwa wenye motakaa nao walilipa, kwani Oregon ilianza kutoza kodi ya petroli mwaka wa 1919, na miaka kumi baadaye kila jimbo lilikuwa na kodi hiyo. Ni kweli, nami nalikubali. Lakini litazameni jambo hilo vizuri, nanyi mtaona kuwa lanisaidia mimi. Kodi ya petroli ilikusanywa kwa wote ikatumika kwa njia zote. Mwenye motakaa hakuulizwa kama kipande cha barabara kipitacho mbele ya shamba lake kinajilipa. Kipande kile hakikuwa na daftari lake la faida na hasara, wala mwenye hisa wa kukifunga kisipoleta faida. Reli ya umeme ilikuwa na daftari kwa kila maili. Huyu alipimwa kwa wakia, yule kwa macho.

Wala nisije nikawafanya wenye reli kuwa malaika, maana hawakuwa. Wengi walikuwa wachuuzi wa hisa kabla ya kuwa wachukuzi wa abiria. Waliuza hati za thamani kubwa kuliko mali iliyokuwako, wakajenga njia palipokuwa na njia tayari, wakabana gharama mahali pasipobanwa. Njia nyingi zilikuwa moja tu, na magari yaliyokabiliana yalitegemea amri na kumbukumbu za wanadamu. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1910, karibu na Kingsland, Indiana, magari mawili yaligongana uso kwa uso, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. George Hilton na John Due, waliotoa mwaka wa 1960 kitabu kikubwa juu ya reli hizi, wameonyesha kuwa hata katika miaka yake ya neema biashara hii ilileta faida ndogo kwa walioiwekea fedha. Baadaye akaja Samuel Insull wa Chicago, aliyezikusanya baadhi ya reli zilizo bora pamoja na mitambo ya umeme katika milki ya makampuni juu ya makampuni, na milki hiyo ikaanguka mwaka wa 1932. Hayo yote ni kweli. Lakini kusema kwamba mgonjwa alikuwa mzembe si kujibu swali la nani aliyemziba pumzi.

Wengine husema kuwa reli hizo zilikuwa za polepole na za kizamani. Maneno haya ni dhuluma. Mwaka wa 1930 kampuni ya Cincinnati and Lake Erie, ya huko Ohio, ilinunua magari mapya mepesi yenye mwendo mkali hata ikayashindanisha na ndege ili watu wayaone. Mwaka wa 1931 Indiana Railroad ilitia njiani magari ya namna hiyo hiyo, yenye viti vizuri, ambayo hata leo mafundi huyasifu. Ya kwanza ilikwisha mwaka wa 1939, na ya pili mwaka wa 1941. Hazikukosa mwendo wala ufundi. Zilikosa njia iliyolipiwa na umma, kama ile waliyopewa washindani wao.

Atakaye mfano mmoja unaotosha kuliko hoja kumi, na auangalie ule wa reli ya Chicago, Aurora and Elgin. Reli hiyo iliwachukua wafanyakazi kutoka miji midogo ya magharibi mpaka katikati ya Chicago. Wakuu walipoamua kujenga barabara kubwa ya magari kuelekea magharibi, ujenzi ukaziharibia nafasi njia za juu ambazo magari yake yalizitumia kuingilia mjini. Tangu mwaka wa 1953 abiria wakashushwa Forest Park, nje ya mji, wapande gari jingine. Wengi wakaiacha. Mchana wa tarehe 3 Julai mwaka wa 1957, mara baada ya kupata ruhusa ya mahakama, kampuni ikasimamisha magari yake. Watu waliokuja kazini asubuhi kwa reli hiyo hawakuwa na gari la kuwarudisha jioni. Hapa hapana njama, wala hapana mkulima aliyechagua. Pana umma uliojenga njia moja kwa kuikata nyingine.

Sasa tuwahoji walio hai, kwa kuwa nao ni mashahidi. Kutoka Chicago mpaka South Bend, Indiana, masafa yapatayo maili 90, reli ya South Shore ingali yachukua abiria. Ilikuwa moja katika zile za Insull, nayo ilikaribia kufa kama dada zake. Haikufa kwa sababu mwaka wa 1977 wilaya za Indiana ya kaskazini ziliunda shirika la umma la kuitegemeza, na mwaka wa 2024 ikamaliza kuwekewa njia ya pili kutoka Gary mpaka Michigan City. Katika viunga vya Philadelphia vingali vipande vya reli za namna hii, navyo viko mikononi mwa shirika la umma. Ng'ambo ya pili ya bahari, Ubelgiji iliunda mwaka wa 1885 kampuni ya taifa ya reli ndogo za mashambani, ambayo serikali, mikoa na vijiji vilikuwa wenye hisa. Hata huko reli nyingi ziling'olewa baada ya Vita Kuu ya Pili, nami sifichi hilo. Lakini njia ya pwani, kutoka Knokke mpaka De Panne, kilomita 67, ingali hai.

Mashahidi hawa wote wasema neno moja. Umma kuishika reli hakutoshi kuiponya, maana Los Angeles ilizikwa na shirika la umma. Lakini katika Marekani hapana reli ya umeme ya shamba ichukuayo abiria leo iliyoponea mikononi mwa wenye hisa peke yao. Zilizoishi ni zile ambazo watu walikubali kuzilipia kama wanavyolipia barabara. Zilizokufa ni zile zilizoachwa zijilipe peke yake, pembeni mwa njia isiyoulizwa kitu.

Na nani aliyepata hasara? Mwenye motakaa hakupata. Aliyepata ni mtoto wa shule asiyeweza kuendesha, mwanamke ambaye motakaa ya nyumbani ilikwenda na mumewe, mzee mwenye macho hafifu, kibarua asiyekuwa na dola 260. Hawa hawakuulizwa walichagua nini. Wao ndio waliobaki njia panda, wakipunga mkono kwa gari lisilokuja.

Sisi nasi tuna kaburi letu. Kutoka Mtwara mpaka Nachingwea palikuwa na reli, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mradi mashuhuri wa karanga. Haikuwa ya umeme, lakini ilikuwa ya shamba. Mradi ulipoanguka, reli ikatazamwa kwa daftari lake, ikaonekana kuwa hasara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Ikiwa uamuzi ule ulikuwa wa haki au sivyo, wenye elimu ya uchumi na wabishane. Ninalotaka ni kwamba wanapobishana, barabara iliyoshika mahali pa reli iletwe nayo mbele ya kadhi, ikiwa na daftari lake.

Hilo ndilo jambo ambalo waulizaji wa leo hawalitaji. Nimewasikia wakiuliza kama treni ya umeme ya Dodoma itarudisha fedha yake, wakataja tikiti, umeme, mikopo na riba, nami nikawasikiliza kwa heshima. Sijamsikia hata mmoja wao akiuliza kama barabara ya kwenda Morogoro imerudisha yake. Wala gharama ya lami inayopasuliwa na malori, wala wale wanaofia humo, hawakuingia katika hesabu zao. Sisemi treni isiulizwe. Treni iliyojengwa kwa mikopo ya umma ni lazima iulizwe, na isimamiwe kwa ukali, maana tumekwisha kuona wachuuzi wa hisa walivyofanya Ohio. Nasema tu kuwa swali moja liulizwe pande zote mbili, kwa lugha moja na kwa kipimo kimoja.

Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha, nitamaliza kwa maneno mawili ambayo naomba wenzangu wayatazame upya. Fedha ya umma itolewayo kwa reli huitwa ruzuku, nalo ni neno lenye harufu ya sadaka. Fedha ya umma itolewayo kwa barabara huitwa maendeleo, nalo ni neno lenye harufu ya ushindi. Fedha ni ile ile, imetoka mfukoni mwa mtu yule yule. Mwanafunzi wangu nimemrudishia insha yake, nikamwomba radhi kwa kisa nilichompa, nikamwambia aiandike tena. Nimemtaka akifika penye maneno hayo mawili ayabadilishane, aite fedha ya barabara ruzuku na fedha ya reli maendeleo, kisha aisome insha yake yote kwa sauti, aone ni hoja zipi zitakazobaki zimesimama.